Mzee wa Benchi la Nyuma

Benchi la nyuma la kanisa letu lina mguu mmoja mfupi. Fundi aliyelitengeneza alikuwa mshirika, na kazi ya kujitolea huwa na mguu mfupi. Chini ya mguu huo kuna gunzi la mahindi. Kila baada ya mavuno, Mzee wa Kanisa aliinama, akatoa gunzi la zamani lililopondeka, akatoa jipya kwenye mfuko wa koti na kulisukuma mahali pake kwa kisigino. Kwa miaka tisa nilimwona akifanya hivyo. Wengine waliona gunzi. Mimi niliona jina langu.

Nitaeleza, ila si haraka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi hapa juu ya Mitaboni, nafuga kuku, na safari yangu ya mbali ni Machakos mjini kununua dawa ya kuku. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mama alizisoma, akazikunja, akaziweka ndani ya Biblia kana kwamba zinahitaji maombi. Mke wangu husema mimi ni kama jiko la mawe matatu: halihami, na linatoa moshi. Basi vumilia moshi kidogo.

Kwetu, mshirika akikosea kosa la kuonekana, huwekwa chini ya nidhamu. Jina lake linasomwa mbele ya watu, hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, hafungi ndoa kanisani, na anakaa benchi la nyuma kwa miezi sita. Ikiisha, anasimama mbele, anataja kosa lake, anaomba msamaha, anarudishwa. Akifa kabla ya kurudishwa, jeneza lake haliingii kanisani. Mchungaji haji. Majirani watamwimbia nyumbani kama wanajua nyimbo.

Aliyesoma majina alikuwa Mzee wa Kanisa. Alikuwa mrefu, mkavu kama mti wa mpaka, na sauti yake haikuhitaji kipaza. Hakuongeza neno wala kupunguza. Alisoma jina, kosa, miezi, akakunja karatasi, akakaa. Watoto tulimwogopa kuliko shetani, kwa sababu shetani hakuwa na karatasi.

Lakini Jumatatu asubuhi, kabla umande haujakauka, huyo huyo alikuwa mlangoni kwa yule aliyemsoma. Siku moja alimsoma msichana wa kwaya aliyepata mimba, jirani yetu wa bondeni. Kesho yake tukamwona anashuka na kikapu cha kyondo begani. Mama wa msichana alitoka jikoni na mwiko.

"Jana umeaibisha mtoto wangu mbele ya kanisa mzima," akamwambia, "na leo unaniletea nini? Parachichi?"

"Parachichi na ndizi," akasema Mzee wa Kanisa. "Jana nilikuwa mstari wa kumi na saba, mama. Leo niko wa ishirini na mbili."

"Enda na mistari yako."

"Nitaenda. Wacha nipasue hizi kuni kwanza."

Akapasua kuni zote. Mwiko ulirudi jikoni, na baadaye ukatoka tena na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Hiyo mistari ilikuwa ugonjwa wake. Katika Mathayo kumi na nane, alisema, Yesu anafundisha kwamba ndugu yako akikosa, na akikataa kusikia hata kanisa, awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Huo ni wa kumi na saba. Mistari mitano tu mbele, Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, na anaambiwa saba mara sabini. Sura moja, mdomo mmoja, pengine kikao kimoja. Huyu mtoe nje, huyu msamehe mpaka uchoke, na ni mtu mmoja.

"Wachungaji wanahubiri huu wiki hii, ule mwezi ujao," alituambia katika darasa la ubatizo. "Hawataki ikutane. Mimi nimejenga nyumba hapo katikati, na upepo ni mwingi."

Nilikuwa na miaka kumi na minne katika darasa hilo, na nilikuwa mjuaji. Nikainua mkono. Nikasema, Mwalimu, imeandikwa kwamba atakayemkana Yesu mbele ya watu, naye atakanwa mbele ya Baba. Petro alimkana mara tatu, tena mbele ya watu. Mbona yeye hakukanwa? Wenzangu walicheka. Mzee wa Kanisa hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeangalia ndama na kujiuliza atakuwa ng'ombe wa aina gani.

"Hiyo swali ni nzuri," akasema. "Kaa nayo."

Nilidhani amekwama. Nikatembea na fahari mwezi mzima.

Baadaye alinijibu, lakini kwa vipande, miaka ikipita. Mara moja tukikutana kisimani: "Nimefikiria Petro. Labda kukana kwa woga si sawa na kukana kwa moyo." Baada ya miaka miwili, sokoni, ananunua chumvi: "Ile ya woga nimeitoa. Woga pia hutoka moyoni." Hivyo tu, bila salamu ya pili, akaenda na chumvi yake.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ndugu, mtoto wa mama yake, ng'ambo ya ua wa mkonge, na hawakuwa wamesalimiana tangu mimi nivae kaptura. Ilikuwa kwa sababu ya mkonge wenyewe: nani alisogeza safu. Mtu aliyetufundisha saba mara sabini alikuwa anazunguka kwa njia ya mto, mwendo wa nusu saa, ili asipite mbele ya boma la ndugu yake. Nilimuuliza siku moja, kwa ule ujuaji wangu.

"Kwa ndugu yangu," akasema, "bado niko mstari wa kumi na saba. Usinisukume, nitaanguka."

Tena alikuwa mkali kwa mambo ya ajabu. Alikataa watoto kuvaa kofia hata kwenye ngazi za kanisa. Alikataa makofi wakati wa wimbo wa polepole. Lakini mzee mmoja wa wake wawili alipofariki akiwa chini ya nidhamu, na kanisa halikwenda, yeye alifika bila tai ya uzee, na jembe begani. Alichimba na vijana. Jeneza liliposhushwa akaanza wimbo peke yake, beti zote, mpaka tukaona haya tukajiunga. Mchungaji wa wakati ule alimwita na kumuuliza alikwenda kwa idhini ya nani.

"Sikuenda kama kanisa," alisema. "Nilienda kama jirani mwenye sauti."

Sasa gunzi.

Nilipotaka kuoa, baba alikuwa amekufa, na Mzee wa Kanisa alikubali kuwa msemaji wangu siku ya kupeleka mbuzi za ntheo, zile ambazo bila kuzipeleka hujaoa kwa Wakamba hata ukiwa na vyeti vitatu. Bibi harusi alikuwa wa Kalama. Baba yake hakuwa mtu wa kanisa, na alinitumia ujumbe mfupi: mbuzi bila uki ni nyama tu. Alitaka pombe ya miwa, angalau kidogo, ya kubariki. Bila hiyo, binti hatoki.

Mimi nilikuwa katibu wa vijana. Harusi ya kanisani ilikuwa wiki tatu mbele, gauni limeshapatikana, kwaya inafanya mazoezi. Nikatafuta uki kwa siri, nikamimina kwenye jerikeni la lita tano, na hapo nikafanya kosa ambalo ni mtoto wa kanisa peke yake angeweza kulifanya. Nilifunga kifuniko. Nikakikaza kwa nguvu zangu zote ili harufu isitoke.

Kila mlevi wa Ukambani anajua kwamba uki haufungwi. Unachacha, unapumua. Mdomo wa jerikeni huzibwa na gunzi la mahindi, ili pumzi ipite. Lakini nani angenifundisha? Katika darasa la ubatizo hatukufika hapo.

Tulipanda kilima cha Kalama jua likiwa kichwani. Mbuzi mmoja alikataa kutembea, ikabidi nimbebe mabegani. Mzee wa Kanisa akanipokea jerikeni.

"Hii ni nini?"

"Uji," nikasema.

Alitembea hatua chache. "Uji wenu unanukia vizuri," akasema, na akaendelea kuubeba.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpokonya. Lakini nilikuwa na mbuzi, kilima kilikuwa kirefu, na nilifikiri, nani atamshuku yeye?

Kwenye kona tulikutana na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, anatoka kumtembelea dada yake. Aliweka mzigo chini ili amsalimie mzee wake vizuri, kwa mikono miwili. Mzee wa Kanisa akainama kuweka jerikeni kando. Jerikeni likalipuka. Kifuniko kiliruka juu kama risasi, na uki ukamwagika kwenye koti lake la Jumapili, usoni, kwenye ndevu, na matone machache kwenye viatu vya mwenyekiti. Mbuzi aliyekuwa mabegani mwangu akalia. Mimi nikamkaza miguu.

Kamati ilikaa Jumatano. Walimuuliza, uki ulikuwa wa nani?

"Ulikuwa mkononi mwangu," alisema.

Wakanigeukia mimi. Wewe ulikuwa naye, ulijua? Nikasema, "Mimi nilikuwa na mbuzi."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo baya lake.

Mchungaji aliniita tena peke yangu kabla ya harusi, akaniuliza kama kuna neno lolote linanisumbua. Nikasema hakuna. Na mke wa Mzee wa Kanisa, mama aliyenilisha utotoni, alinikuta kwenye kinu cha posho, akanivuta pembeni penye kelele ili watu wasisikie. "Mwana wakwa, mwanangu," akaniuliza, "ni yeye alinunua hiyo kitu?" Nikamwambia, "Mama, mimi mambo ya uki siyajui."

Hizo ni tatu. Nafuga kuku, sina haja ya kukumbushwa.

Jina la Mzee wa Kanisa lilisomwa na mtu mwingine, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi irudiwe. Aliinuka kutoka kiti cha wazee mbele, akatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma, akakaa. Benchi likayumba. Wiki tatu baadaye nilipita hapo hapo na bibi harusi mkononi, na yeye akiwa pembeni ya njia, akipiga makofi. Wimbo ulikuwa wa haraka, ndiyo maana aliruhusu.

Baada ya miezi sita aliitwa mbele arudishwe. Alitakiwa kusema maneno machache: nilinunua pombe, nimetubu.

"Hayo siwezi kusema ndani ya kanisa," akasema.

"Basi alinunua nani?" akaulizwa.

Hakunitazama. Nilikuwa safu ya tatu, na ninajua hakunitazama kwa sababu mimi sikuondoa macho kwake. Akarudi nyuma, akakaa. Watu wakasema ni kiburi. Wazee wa zamani, walisema, wanapenda uki na hawapendi kutubu. Mavuno yaliyofuata akaja na gunzi la kwanza.

Alikaa hapo miaka tisa. Akina nani hawakupita kwenye benchi hilo? Wasichana, walevi, mwalimu aliyepiga mkewe. Kila mmoja alimkuta hapo. Aliwasogezea nafasi, akafungua kitabu cha nyimbo kati yao, akawaonyesha wimbo. Walirudishwa mmoja mmoja, yeye akabaki. Mke wake alikufa katika miaka hiyo. Alizikwa na kanisa, yeye akisimama kando kama mgeni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Na mimi nilikuwa nimejitengenezea maelezo. Nilisema anapenda pale. Nilisema ameifanya kuwa huduma. Nilisema Mungu ana njia zake. Mke wangu, ambaye alijua kila kitu kwa sababu aliyeagiza uki alikuwa baba yake, alinisikiliza jikoni mwaka wa tano na kusema, "Kwa ulimi huo wako, ungekuwa pasta." Sikucheka. Yeye pia hakucheka.

Mwaka wa tisa miguu yake ilivimba. Tukasikia ni figo. Nikasikia pia wanawake wakipanga, kwa upole kabisa, nani atapika na nani ataimba nyumbani kwake, kwa sababu kanisani haitawezekana. Walikuwa wanapanga mazishi ya mtu mzima aliye hai, na walichokosa ni neno langu moja.

Nikachukua trei ya mayai, nikaenda. Nilimkuta nje, blanketi magotini, anabambua mbaazi kwenye ungo. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Nikaiangusha yote.

"Mzee," nikasema, "ile uki ilikuwa yangu."

Akaendelea kubambua.

"Mbona unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwepo."

Nilikaa chini. Akanisogezea ungo nami nikaanza kubambua, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Ungeoa?"

"Singeoa. Si mwezi ule."

"Haya. Nilifikiri ni miezi sita. Nikasema, kijana ataoa, atapata nguvu, atakuja." Alitupa ganda. "Nguvu yako inachelewa sana."

Nikamwomba msamaha. Nililia kidogo, kwa ubaya, kamasi ikaingia kwenye mbaazi. Hakunifariji.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini mimi si Mungu, sikumaliza mara moja. Nilikusamehe Jumapili, Jumanne nikaamka na hasira, Jumapili nikaanza tena. Unapita hapo mbele yangu kwenda Mezani, na suti. Kosa lako ni moja tu. Hizo saba mara sabini zote zimeenda kwa hilo moja."

"Zimeisha?"

"Miaka tisa, Jumapili hamsini na mbili." Alihesabu bila kukosea, alikuwa mwalimu. "Kwa mia nne na tisini, umebakisha ishirini na mbili."

Aliposema hivyo mdomo wake ulikuwa unacheka, macho hapana.

"Na Petro?" nikauliza. Sijui kwa nini nilirudi kuwa na miaka kumi na minne.

"Petro alitoka nje akalia. Usiku huo huo. Wewe ulipotoka pale kwa kamati ulienda wapi?"

"Nilienda kupima suti."

Akacheka sasa kweli, mpaka akakohoa, nikamshikia bakuli la maji. Alipotulia akasema polepole, "Mtu hakanwi kwa sababu alikana. Nafikiri. Anakanwa akikana halafu akae hapo hapo, aone joto, aote moto na wengine. Lakini sijui. Hiyo nayo naweza kuitoa kesho."

Nikamuuliza kuhusu ndugu yake, ng'ambo ya mkonge. Akabambua mbaazi nyingine, akaitupia kwenye ungo.

"Yeye hajaleta mayai," akasema. Kisha, "Na mimi sijapeleka."

Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, nilisimama. Mchungaji ni kijana, mgeni kwetu. Nilieleza jerikeni, kifuniko, mbuzi, kamati, kinu cha posho. Kuna waliocheka kwenye kifuniko, na nilistahili. Mwenyekiti wa akina mama, sasa mzee, alifunika uso kwa leso na hakuufunua mpaka nilipomaliza. Jina langu lilisomwa wiki iliyofuata: kusema uongo mbele ya kanisa, miezi sita. Nilitembea katikati mpaka nyuma. Ni mbali kuliko inavyoonekana ukiwa safu ya tatu.

Siku hiyo ilikuwa ya Meza. Mzee wa Kanisa alirudishwa bila kutakiwa kusema lolote. Vijana wawili walimshika mikono wakampeleka mbele. Alipokea mkate. Kikombe kilitetemeka, divai ya zabibu ikamdondoka kwenye koti, koti lile lile. Kiti chake cha wazee kilikuwa kimefutwa vumbi, kinamngoja. Alikiangalia. Akawaambia vijana neno, wakamgeuza, na akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kanisa lote likigeuza shingo.

Akafika kwangu.

"Songa," akasema.

Nikasonga. Akakaa, benchi likayumba upande wake, kwa sababu gunzi lilikuwa la mwaka jana na limepondeka. Akafungua kitabu cha nyimbo kati yetu. Nikamnong'oneza, "Mzee, zimebaki ngapi?"

"Nyamaza, watu wanaomba." Kisha, macho yakiwa yamefumbwa, "Mavuno haya utaweka gunzi wewe. Chagua kubwa."

Mavuno yalikuja, yeye hakuyaona. Jeneza liliingia kanisani na kukaa mbele, mchungaji akiwa na joho, wimbo wa polepole bila makofi. Ndugu yake wa ng'ambo ya mkonge alikuja kwa njia ya mbele, na trei ya mayai mikononi, hakujua amkabidhi nani. Mimi niliimba kutoka nyuma. Miezi yangu sita ilikuwa bado.

Imeisha sasa. Naruhusiwa kukaa safu ya tatu. Gunzi nimeweka, kubwa, na bado benchi linayumba.